Pipa la Sajini

Marjan, fundi wa mapipa pale Nateete, hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kampuni ya mafuta ya Wazungu ilipompa kazi, majirani hawakupumua kwa kulizungumza. Wahindi waliokuwa mafundi wake walikuwa wamefukuzwa nchini, na kampuni ikabaki haina wa kuizibia mapipa yaliyotoboka. Wakamjaribu yeye, wakamfunza jambo moja: pipa lililowekwa petroli lijazwe maji kwanza, mvuke utoke wote, ndipo lichomelewe. Haukupita muda mrefu, bohari ya kampuni kule Port Bell ikawa haimpi kazi hiyo mwingine. Alikuwa bwana wa karakana yake mwenyewe, na hilo alilipenda kuliko chakula.

Asubuhi moja lori la jeshi liliingia uani kwa fujo. Sajini akaruka chini, akasukuma pipa likabingirika, na harufu ya petroli ikatanda.

"Fundi! Choma hii pipa sasa hivi. Mimi nangoja."

"Sawa, afande. Lakini kwanza naweka maji. Bila maji italipuka."

"Maji ya nini? Unaleta siasa?" Sajini akashusha bunduki begani.

Mfereji ulikuwa haujatoa hata tone tangu juzi. Maji yaliyokuwapo ni yale ya karama, karamu ya familia: mchana huo mtoto wao mchanga angepewa jina, na wanawake walikuwa wamejitwika mitungi kutoka kisimani ili wapikie wageni. Nani ana uso wa kuyaomba maji hayo?

Mkewe Safinah alikuwa mlangoni, amesikia yote.

"Baba Rukiah, chukua," akasema, akimwita kwa jina la binti yao mkubwa. "Wageni watatusamehe."

Wanawake wakamimina mtungi baada ya mtungi. Marjan akageuza pipa, tundu likawa juu, akapiga goti na kuwasha moto. Mkono ukashika njia yake hadi tundu likazibika.

Sajini akangoja kiungo kipoe, akapitisha kidole juu yake. Kwa mara ya kwanza akacheka.

"Wewe fundi kweli. Kule kambini mapipa yote mbovu, hakuna mtu anajua hii kazi. Beba vyombo, panda lori."

"Afande, mimi niko na kazi ya kampuni."

"Kampuni itatafuta mtu mwingine."

Marjan akapanda. Safinah akalikimbilia lori, mtoto kifuani.

"Afande, atarudi lini?"

"Mapipa ikiisha."

Na Nateete nzima ilijua kwamba mapipa ya jeshi hayaishi.