Kasi Nzuri, Sauti Inachelewa

Nilirudi kuishi Machame baada ya baba kufariki. Mama hakutaka kuhamia mjini, na sisi watoto hatukutaka abaki peke yake na ng'ombe na migomba. Kazi yangu ilinifuata huko. Mimi ni mkalimani wa simu. Mgonjwa anayezungumza Kiswahili anapofika hospitali ya nchi ya mbali, na daktari hajui neno hata moja la Kiswahili, wananipigia kwenye kompyuta nami nakaa katikati yao. Daktari anauliza kwa Kiingereza, namuuliza mgonjwa kwa Kiswahili, kisha narudisha jibu. Wagonjwa wengi ni watu wa Kongo na Burundi waliohamia huko.

Nilipokuwa nimepanga Moshi mjini, intaneti haikuwahi kunisumbua. Huku mlimani nilifungiwa antena kwenye paa, ikitazama mnara ulioko chini kuelekea barabara kuu. Ruta niliiweka katika chumba alichokuwa akilala baba, ambacho sasa ndicho ofisi yangu. Fundi alipomaliza alipima kasi kwa simu yake, akanionyesha namba kubwa ya kijani.

"Dada, hii hata mjini huipati," akasema.

Nilimwamini, na kwa muda nilikuwa na sababu ya kumwamini. Kazi ilikwenda vizuri mpaka msimu wa wageni wa mlima ulipoanza. Hapo simu za mchana zikaanza kuharibika.

Nakumbuka moja kuliko zote. Ilikuwa ya mama mtu mzima, Mkongomani, na sitasema alikuwa anaumwa nini kwa sababu hiyo ni siri yake. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," nikasubiri. Kimya. Nikadhani hakunisikia, nikamwamkia tena, na papo hapo marahaba yake ya kwanza ikafika, ikagongana na shikamoo yangu ya pili. Tukaendelea hivyo hivyo. Nikidhani amemaliza, naanza kumtafsiria daktari, kumbe mama alipumua tu, na sauti yangu inamfikia akiwa ameshaanza kueleza tena.

"Mwanangu, mbona unanikata?" akaniuliza. "Niache kwanza nimalize."

Nikamwomba radhi. Kabla radhi yenyewe haijamfikia, daktari akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mkalimani, bado upo?" Nikajibu nipo. Akauliza tena. Mwishowe wakakata simu yangu, wakampa mkalimani mwingine. Nilivua hedifoni nikabaki nimekaa. Nimelelewa kwamba mtu mzima hakatizwi akisema, na yule mama hakuwa na namna ya kujua kwamba si mimi niliyekuwa nikimkatiza.

Baada ya wiki msimamizi wangu aliniandikia. Yeye anaishi huko huko ziliko hospitali, na tunafahamiana kwa barua pepe na simu tu. Alisema malalamiko yamekuwa mengi, na kwamba nitapewa zamu za asubuhi pekee mpaka nitume matokeo ya kipimo cha intaneti. Zamu za asubuhi ni chache, maana asubuhi yetu wao wamelala.

Nikapima. Kupakua, yaani data inayokuja kwangu, ilikuwa namba ileile kubwa ya fundi. Kupakia, yaani data inayotoka kwangu, ilikuwa ndogo zaidi, lakini sikuijali. Namba ya tatu iliitwa ping, nayo ilikuwa ndogo sana, nikasikitika kidogo, nikidhani kila namba kwenye kipimo inatakiwa iwe kubwa. Nikayapiga picha matokeo, nikamtumia msimamizi na kumwomba radhi kwa hiyo ping ndogo.

Alinipigia simu akicheka. "Intaneti yako ina kasi kuliko yangu. Na ping ikiwa ndogo ni jambo jema, usihuzunike."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Kasi inakuambia data kiasi gani inaweza kupita kwa sekunde moja. Sauti ya mtu mmoja ni kitu kidogo, haihitaji kasi kubwa. Ping ndiyo inayokuambia ujumbe unachukua muda gani kwenda na kurudi. Mazungumzo yanategemea hiyo. Halafu angalia, umepima mpaka wapi?"

Nikaangalia. Kipimo kilikuwa kimejichagulia kompyuta iliyoko Dar es Salaam.

"Wagonjwa wako hawako Dar," akasema. "Chagua kituo cha huku kwetu."

Nikachagua. Ping ikapanda, ikawa mara kadhaa ya ile ya Dar. Yeye akasema hiyo ni kawaida, umbali ni umbali, na ikibaki hapo hapo bila kuyumba mtu hata hagundui. "Ila sasa umepima intaneti ikiwa imepumzika. Pima wakati inaposumbua, ndipo tutajua."

Basi nikaanza kupima mchana. Siku mbili za kwanza hakuna kitu. Siku ya tatu ping iliruka ikapita sekunde nzima, ikashuka, ikaruka tena, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Nikachungulia dirishani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kahawa, mlima wote hauonekani. Nikasema, nimempata mchawi.

Nilimweleza mama kwamba kwa ukungu ule antena haioni mnara vizuri, na kwamba ule mti wa mgrivea ulio mbele yake, ukilowa, unazidi kuiziba.

"Huo mti ulipandwa na baba yako," mama akasema. "Na kahawa inapata kivuli hapo."

"Mama, nitapoteza kazi."

Jioni yake mama alimwita jirani mwenye panga kali, naye akapanda akakata matawi yote ya upande wa antena. Kesho yake nikapima mchana, jua likiwaka, anga safi kabisa. Ping ikaruka vilevile. Mama alipita akaniona nimeshika kichwa mbele ya kompyuta. Akatoka nje, akaanza kuyakatakata yale matawi yawe kuni.

Mchana mwingine nikachoka. Kipimo kilikuwa kinaruka, nami nikachomoa waya wa ruta ukutani kwa hasira, labda ikiwaka upya itapata akili. Hapo nikasikia mlango wa nyumba ya pili ukifunguliwa kwa kishindo.

"Nani amezima?" mdogo wangu akapaza sauti. "Nilikuwa nimefika katikati!"

Mdogo wangu ni mwongoza wageni wa mlima. Amejenga kwenye kihamba chetu hiki hiki, yaani shamba la ukoo, hatua chache kutoka kwa mama, na anatumia intaneti yangu. Ila hatukuweza kumwachia yeye mama, kwa sababu anaondoka na wageni karibu wiki nzima, anashuka nao, anawafikisha hotelini mjini, ndipo anarudi nyumbani kulala. Alikuwa ameshuka siku iliyotangulia. Alisimama mlangoni kwangu na kandambili, midomo imebabuka kwa baridi ya kileleni.

"Katikati ya nini?" nikamuuliza.

"Video za wageni. Nawapandishia zote, wazikute kabla hawajapanda ndege. Wanazisubiri."

"Unazipandisha mchana?"

"Nikiamka nakuta mchana tayari, dada. Nakuwa nimechoka."

Nikachomeka ruta. Nikamwambia aje na simu yake akae kitandani kwa baba, karibu nami. Nikapima bila yeye kufanya chochote: ping imetulia. Nikamwambia aanze kupandisha video moja. Haikupita muda, namba ikaanza kuruka.

"Simamisha."

Akasimamisha. Ikashuka, ikatulia.

"Anza tena."

Ikaruka. Tulirudia mpaka yeye mwenyewe akaacha kuangalia simu yake, akawa anaangalia kioo changu tu. Njia ya kutoka kwangu ndiyo iliyokuwa nyembamba, ile namba ndogo niliyoipuuza tangu mwanzo. Video zake zilikuwa zinaijaza yote, na maneno yangu yanapanga foleni nyuma yake. Ndiyo maana fundi hakuona kitu, na ndiyo maana siku nyingine ukungu ulikuwa mzito lakini simu zikaenda salama. Siku hizo mdogo wangu alikuwa mlimani.

Akaiweka simu yake kitandani, akasema, "Kumbe ni mimi ninayewakatiza wagonjwa wako."

"Hukujua. Hata mimi sikujua."

"Lakini nikiacha kutuma video, dada, wageni hawanisifii kwa wenzao. Na bila sifa sipati wageni wengine."

Nilijua hilo. Mtaji wake ni jina lake, kama wangu ulivyo sikio langu. Hakuna kati yetu aliyekuwa akitumia intaneti kwa mchezo.

"Basi tuchukue kwa zamu," akasema, "kama maji ya mfongo." Mfongo ni ule mfereji wa ukoo, na kila nyumba ya Mchagga inajua siku yake ya kufungua na siku ya kumwachia jirani. Tukakubaliana: yeye apandishe asubuhi, mimi nisipokuwa na simu nyingi, na mchana aniachie. Kwa kuwa hawezi kuamka mapema akitoka mlimani, nilimwonyesha jinsi ya kuiamuru simu ianze yenyewe alfajiri. Fundi naye alirudi, akatafuta kwenye ruta mahali pa kuwekea kikomo, ili kifaa kimoja kisichukue njia yote. Safari hii alipima huku video ikipanda, akakiri hakuwahi kupima hivyo.

Nilimtumia msimamizi matokeo mawili, ya intaneti iliyopumzika na ya intaneti yenye kazi, nikamweleza habari ya mdogo wangu. Alijibu kwamba nyumbani kwake anayeijaza njia ni mwanawe na michezo ya kompyuta. Alinirudishia zamu za mchana, ila si zote. Nyingine alikuwa ameshampa mkalimani wa Nairobi, na hakuona haki kumnyang'anya. Sikubishana naye.

Mama nilimwambia ukweli kuhusu mgrivea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema mgrivea huchipua, kisha akaniuliza kama yule mama wa Kongo alipona. Nikamwambia sijui. Katika kazi hii simu ikikatika, mtu ameondoka na huambiwi habari zake tena.

"Basi utakuwa unamwombea," akasema, akachukua ndoo akaenda kukamua.

Mchana wa kwanza wa zamu zangu nilipewa kijana na mkewe waliokuwa wanatarajia mtoto. Mkunga aliuliza, mke akajibu, mume akadakia kwamba si hivyo, mke akamwambia anyamaze, wote watatu wakacheka kwa wakati mmoja, na mimi nikacheka nao. Kilikuwa kikao kirefu. Tulipoagana nilitoka nje kukata majani ya ng'ombe kabla mvua haijashuka.