Kitabu Kilichomlaza Baba Bandani

Mwaka wa pili wa korona, Sydney ilipofungwa, sisi wa Bankstown tulifungwa zaidi ya wengine. Watu wa ufukweni walikuwa wakiogelea na kuliita jambo hilo mazoezi. Sisi helikopta ya polisi ilipita juu ya paa ikituamuru tuingie ndani, wakati tayari tuko ndani, na ikamwamsha mtoto mdogo niliyekuwa nimetoka kumlaza. Ningekuwa na manati ningeitungua.

Mume wangu alikuwa ghalani Smithfield, zamu ya usiku. Asubuhi alirudi, akapewa mtoto mdogo kifuani, wakalala wote wawili kama magunia. Mimi nikatoka kwenda Lidcombe kumhudumia mzee mmoja nyumbani kwake: kumwogesha, kumvisha, kumpikia uji wao usio na ladha na kumtia dawa ya macho. Kazi hiyo iliruhusiwa. Eti sisi ni wafanyakazi muhimu. Umuhimu wenyewe hatukuwahi kuuona kwenye mshahara.

Kisha darasa la binti yangu mkubwa likafungwa, kwa sababu mtoto mmoja alipatikana na ugonjwa. Ana miaka minane. Kampuni yetu ilikataza kabisa kwenda na mtoto kazini, na mimi sikuwa na dada, shangazi wala jirani wa kumwachia. Nikamwuliza mzee mwenyewe. Akasema nyumba ni yake, na kwamba hajasikia sauti ya mtu aliye chini ya miaka hamsini tangu Pasaka. Mimi nilikuwa na ishirini na minane. Kesho yake nikaja na mtoto.

Mzee huyo alikuwa anakaribia tisini. Macho yake yalikufa katikati. Aliona pembeni tu, kwa hiyo alipozungumza nawe alitazama mlango. Nilimwita Mzee, nikamweleza maana yake, akafurahi sana, akataka na posta wamwite hivyo.

Sebuleni kwake, mahali ambapo watu wengine huweka televisheni, palikuwa na kabati la vioo. Ndani yake mlijaa vitabu vyembamba, vingine kama vitabu vya nyimbo za kanisani vilivyoshinda na njaa. Vyote vilikuwa vya marehemu mamake, na vyote vilikuwa vya mashairi. Alivikusanya kati ya vile vita viwili vikubwa, naye alikuwa mke wa fundi wa reli tu. Zama hizo kulikuwa na watu waliochapa mashairi kwa mashine za mkono, nakala chache, kisha wakazitawanya herufi za chuma walizochapia ili nakala nyingine zisipatikane. Kila nakala iliandikwa nambari kwa kalamu, na mshairi akatia sahihi. Mama yule aliviagiza kwa posta, vingine Uingereza, vingine hapahapa Sydney. Kikifika kimoja, alinawa mikono kama daktari wa upasuaji, akakishika, akakinusa, akakifungia. Watoto wake walikula shingo ya kondoo na kwenda shule na viatu vilivyozibwa kwa maboksi.

Mzee aliponisimulia hayo alitaka nimhurumie. Nilimwambia ukweli, kwamba mamake nimempenda papo hapo.

Kulikuwa na kitabu kimoja chenye jalada la kijani ambacho alikitaja kila siku, kama mtu anayetaja jino linalomuuma. Mamake alikinunua karibu na mwanzo wa vita vya pili, baba akiwa amepunguziwa kazi. Baba alirudi akakuta koti la mama la baridi halikununuliwa, kitabu kimenunuliwa. Mzee, akiwa mtoto, alisikia ugomvi wote kutoka kitandani. Baba aliuliza, hicho kitu kinasema nini basi? Mama akajibu kwamba hajui, hakijafunguliwa. Baba akachukua blanketi akaenda kulala bandani kwenye makaa ya mawe, na hakurudi chumbani mpaka majira ya joto.

“Nataka kujua tu,” Mzee aliniambia, “baba alilala bandani kwa ajili ya nini.”

Nilimwuliza kwa nini hakusoma zamani, alipokuwa na macho. Akasema kwanza mama alikuwa hai, na mama aliishi sana. Kisha mkewe akasema wasiguse, ni mali. Alipokuja kupata ujasiri, macho yakawa yameondoka. Na sasa binti yake wa Melbourne alikuwa amempata mnunuzi wa kabati zima. Mpaka wa jimbo letu na lao, uliofungwa kwa korona, ukifunguliwa tu, mnunuzi anakuja kubeba.

Huyo binti alipiga simu ya video kila wiki. Ni mtu wa chuo kikuu, mkubwa kabisa, na alizungumza nami polepole kama anayemfundisha kasuku. Wiki moja aliniambia nisiguse kabati hata kwa kufuta vumbi. Wiki iliyofuata akataka nivitoe vitabu vyote nivipige picha kwa simu yangu, mnunuzi avione. Nikamwuliza nivitoe bila kuvigusa vipi. Akacheka akidhani ni mzaha.

Ndipo nilipokishika kile cha kijani, nikajua kwa nini hakijasomwa. Kurasa zilikuwa zimeungana. Karatasi ilikunjwa na kushonwa bila kukatwa kingo, kwa hiyo kila ukurasa ulishikana na mwenzake juu na pembeni kama bahasha. Binti wa Melbourne alinieleza kwa fahari: zamani mnunuzi alikata mwenyewe kwa kisu, na kitabu ambacho hakijakatwa mpaka leo ndicho kinachotafutwa. Yaani thamani yake ni kwamba hakuna aliyekisoma. Nilimwomba arudie, nikidhani Kiingereza changu kimenitoroka.

Simu ilipokatika nilimwambia Mzee kwamba hayo mambo mimi nayajua, kwetu Mombasa tunayo. Leso, yaani kanga, huja mbili zimeungana, unazikata katikati, unapinda, unavaa. Ambayo haijakatwa ni ya kuweka. Nyanyangu alikuwa na sanduku zima la leso zisizokatwa, za wageni, za harusi, za siku ambayo haikufika. Binti yangu, aliyekuwa sakafuni akichora farasi, akauliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia ila hakijibu, zilikwenda wapi.

“Panya walizivaa kabla yetu,” nikasema. “Tulipofungua sanduku, mashangazi walipigania matundu.”

Mzee hakucheka. Aligeuza uso akatazama mlango, yaani alinitazama mimi, akaniomba nimkatie kitabu.

Nilikataa. Nilimwambia nina watoto wawili na mume anayelala mchana, na kazi nikiipoteza hatutakula mashairi. Akasema ananielewa kabisa, mimi niende nikaanike nguo. Nikaenda nyuma nikaanika. Niliporudi nilimkuta jikoni na kisu cha mkate, kile chenye meno, kitabu amekishika juu chini, na kidole gumba kiko palepale ambapo kisu kinaelekea. Binti yangu amesimama kando amejiziba macho.

Sasa mniambie mngefanya nini. Kazi yangu, na imeandikwa hivyo, ni kuhakikisha mteja haumii. Nikamnyang’anya kisu cha mkate, nikachukua kisu cha siagi, nikakaa, nikakata.

Karatasi ile ilikuwa nene kama kitambaa, na ilipokatika ilitoa sauti ileile ya leso mpya ikichanwa. Vumbi laini likaanguka mapajani. Mzee alinyoosha shingo akinusa. Nilimpa binti yangu asome, kwa sababu anasoma Kiingereza vizuri kuliko mimi na nilitaka ajisifu kidogo. Akaanza vizuri, kuna mto, kuna mwezi, kuna majani. Akageuza ukurasa, akaniambia kwa Kiingereza kwamba huyu mwanamke hana nguo.

Nikakichukua mwenyewe. Jamani. Mwanamke yuko uchi mtoni, anakimbizwa na mtu mwenye miguu ya mbuzi. Anajificha, mbuzi anampata. Shairi la pili, mwanamke mwingine, mto uleule, mbuzi mwingine. Kila kiungo chake kimefananishwa na tunda, mpaka nikaona huyu mshairi alikuwa sokoni na njaa yake. Na hiki ni kitabu kilichoandikwa Sydney, mahali pa kangaruu. Mbuzi alitokea wapi? Nilisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, maana sauti nyingine sikuwa nayo, binti yangu nikiwa nimemtuma nje akahesabu pegi za nguo.

Mzee alicheka mpaka nikamshika mgongo. Alicheka akikohoa, machozi yakimtoka kwenye yale macho yasiyoona.

“Koti la baridi,” alisema. “Koti la mama, kwa ajili ya mbuzi.”

Akatulia. Akasema baba alikuwa na haki kabisa. Kisha akaniomba nisome tena, la kwanza, lile la mto, niache mbuzi asije. Nikasoma lile la mto peke yake. Halikuwa baya. Yeye akasema labda mama alijua ni takataka, ndiyo maana hakukata.

Nilimwambia hapana, na hapo nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Mimi wiki zile nilikuwa naoga mtoto amekaa mlangoni, nakula mtoto yuko mapajani, hata ndotoni napasua pakiti za biskuti. Mwanamke mwenye nyumba iliyojaa watoto na fundi wa reli anataka kitu kimoja tu ambacho hakuna mtu aliyekifungua, hata yeye mwenyewe. Ndani kiwe na mbuzi, kiwe na malaika, haimhusu mtu. Mzee aliuliza kama hivyo ndivyo, kwa nini nimekikata. Nikasema kwa sababu yeye si mimi wala si mama, yeye ni yule mtoto aliyekuwa kitandani, na baba yake bado yuko bandani.

Aliomba chai.

Siri ile ingekaa vizuri kama Mzee angekuwa na mdomo wa kawaida. Simu ya video ilipopigwa, alimsomea binti yake kutoka kichwani habari za mbuzi. Binti wa Melbourne akaganda, nikadhani ni mtandao. Akauliza ni nani aliyekata.

“Mimi,” Mzee akasema.

“Kwa macho gani, Baba?”

Kampuni ilinipigia siku hiyohiyo. Hawakunifukuza, wahudumu walikuwa hawapatikani, nusu wako karantini. Walinihamishia kwa bibi mmoja mwenye paka kumi na tabia zao. Walinisomea somo refu kuhusu mali ya mteja. Kuhusu kidole gumba cha mteja hawakuuliza. Sikuruhusiwa hata kwenda kuaga, na hilo mpaka leo linanichoma kuliko somo.

Jioni nilipofika nyumbani nilitoa sandukuni leso ya harusi yangu, ambayo mamangu alinipa Mombasa akaniambia niitunze. Imevuka bahari ikiwa imeungana, ikakaa miaka imeungana. Nikaikata kwa mkasi wa jikoni. Kipande kimoja nilijifunga, cha pili mtoto mdogo alikitapikia kabla sijamaliza kupinda. Mamangu alipoiona kwenye simu aliuliza kwa sauti ya msiba, “Umekata ile?” Nikamwambia nimekata, na nimeifua mara mbili.

Nafasi yangu Lidcombe alipewa mama mmoja Mkongomani tunayeonana naye kanisani, mtulivu, mcha Mungu, Kiingereza chake kinapita kwanza Kifaransa. Niliogopa Mzee atamchosha. Wiki moja haikuisha akanipigia simu asubuhi akiwa kazini, akinong’ona. Mpaka bado umefungwa, mnunuzi bado hajaja, na Mzee, ambaye yeye alimwita papa, yaani baba, alikuwa amemweka mbele ya kabati la mamake.

“Dada,” akasema, “huyu papa anasema wewe ndiye unajua. Tunatumia kisu gani?”

“Cha siagi,” nikamwambia. “Na kama kuna mbuzi, mrukeni.”