Tarehe ilisomwa kinyume, ukoo wangu ukafika ukweni mwezi mzima kabla

Wakuu, amahoro. Mlioko kazini poleni na majukumu.

Hiki ni kisa changu mwenyewe, na sijaongeza chumvi. Kilikuja na chumvi yake.

Mimi ni developer, naishi Rumonge. Wazazi wangu walirudi kutoka Tanzania wakapata shamba Nyanza-Lac, na ukoo wote uko huko.

Nilikuwa na mchumba, Aline, anauza dawa kwenye pharmacie ya hapa mjini. Baba yake, Mzee Barnabé, ni mfanyabiashara wa mawese. Mzee alinipiga chenga sana. Kila tukiomba siku ya kupeleka posa, subirini, mvua. Subirini, mavuno. Subirini, mgongo unauma.

Mwishowe akakubali: tarehe 8 mwezi wa 9, nyumbani kwake. Akaenda kukodi mahema na viti kwa Maman Josée.

Maman Josée ana system yake. Unampa namba za simu za wageni, na siku moja kabla ya sherehe kila mgeni anapata SMS ya kumkumbusha. Aliyemtengenezea ni jamaa mmoja wa Bujumbura, ambaye baada ya hapo alibadilisha laini.

Sasa twende.

Mwezi wa nane ndiyo kwanza umeanza. Baba mdogo Elias, msemaji wa ukoo wetu, ananipigia akiwa amefura.

"Mbona hukutuambia kwamba posa ni kesho?"

"Kesho gani, baba mdogo? Bado mwezi mzima!"

"Ujumbe umeingia kwetu sote. Jina lako limo, la Aline limo. Ukiwa na woga sema, lakini sisi hatuendi kuaibika ukweni kwa ajili yako."

Akakata. Nikampigia tena, kazima simu. (Baadaye niliambiwa alikuwa anatunza chaji ya kurekodi video. Huyo ndiye baba mdogo.)

Asubuhi nikakimbilia kwa Mzee Barnabé niwazuie getini.

Nimechelewa. Minibasi waliyokodi ishapaki. Mashangazi wamevaa imvutano zao, zile nguo za sherehe, wanaimba, vijana wanashusha kreti za bia na Fanta. Mimi, bwana harusi mtarajiwa, nimevaa tisheti na ndala.

Nikasukumana mpaka ndani ya ua.

Wakuu, ndani kulikuwa na WATU WENGINE.

Wamekaa kwa mpangilio, suti zimenyooka, kreti zao mbele. Katikati yupo jamaa mmoja mwenye saa kubwa, namfahamu kwa sura, ana boti za uvuvi Magara.

Walikuja kumposa Aline. Aline wangu!

Mzee Barnabé alitutazama kama mtu aliyeona jua likichomoza mara mbili.

"Nyinyi munatafuta nini hapa? Siku yenu iko mwezi wa kesho!"

Baba mdogo Elias akavua kofia taratibu.

"Sawa, mkwe. Yetu iko mwezi wa kesho. Na hii ya leo iko ya nani?"

Hata aliyekuwa anamimina bia aliacha, chupa ikiwa imeinama vilevile.

Mama mkwe akajifunika mdomo kwa kitenge. Mabega yanatikisika. Naapa alikuwa anacheka.

Ndipo Aline akaingia, na koti lake jeupe la kazini. Aliambiwa aje nyumbani tu, kuna wageni wa papa. Akatazama upande huu, akatazama upande ule.

"Papa," akasema, "mimi nilialika watu wa upande mumoja tu. Mwezi wamekosea. Nyumba hawakukosea."

Mashangazi wakapasua vigelegele.

Yule jamaa wa boti, nampa heshima yake, ndiye aliyecheka wa kwanza. Akainuka, akanipa mkono. "Mimi niliambiwa mutoto iko huru. Kreti zibaki, leo iko fête." Akaondoka na watu wake.

Posa yetu ilipokelewa siku ileile. Na tarehe 8 mwezi wa 9 tukaifanya harusi, kwa sababu mahema yalishakodiwa.

Ile kesho yake ya posa, Maman Josée aliniomba nifungue ile system. Tarehe zimehifadhiwa kama maandishi matupu! Fomu inaandika siku kwanza, kama tulivyozoea huku. Sehemu ya SMS inasoma mwezi kwanza, kama Wamarekani. Kwa hiyo 08/09 ikawa tarehe 9 mwezi wa 8.

Mbona hakuna aliyegundua? Kwa sababu siku ikizidi 12, hakuna mwezi kama huo, basi code inageuza yenyewe na kusoma sawasawa. Sherehe nyingi huku zinaangukia mwisho wa mwezi.

Funzo: tarehe ihifadhiwe kama tarehe, database ina aina yake maalumu. Ukilazimika kuandika, anza na mwaka, mwezi, ndipo siku. Na ujaribu kwa tarehe za mwanzo wa mwezi, ndiko nyoka anakolala.

Mzee Barnabé nilimwonyesha code mstari kwa mstari kwenye kompyuta. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema: "Wewe ni mutu wa ordinateur. Uliniona humo ndani, ndiyo maana ukaleta watu siku ileile."

Tangu hapo ananiheshimu ajabu. Akitaka kufanya jambo lolote nyumbani kwake, ananiarifu kwanza.

Waliowahi kuumbuliwa na tarehe, mwageni visa vyenu hapa. Na mnishauri: nimweleze mzee upya, au nimwache aamini hivyohivyo?