Mapazia ya Mviringo

Nilipoanza kazi kwenye karakana ya ushonaji pale Doornfontein, bosi aliniuliza kwetu ni wapi, nikamjibu Tanga. Kwa mujibu wa ramani hilo lilikuwa jibu la kweli. Kwetu hasa ni Handeni, bara kabisa, ambako maji mengi niliyoyaona utotoni yalikuwa ndani ya pipa la bibi. Lakini ukiwa Johannesburg huwezi kumweleza kila mtu habari za Handeni. Unasema Tanga, mtu anaitikia kwa kichwa, maisha yanaendelea.

Bosi alikuwa mtu wa Lubumbashi, mrefu, mwenye suti mbili, na tepu ya kupimia haikumtoka shingoni hata siku za ibada. Tulimwita Papa. Karakana yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la betri za magari, na tulikuwa watu watatu tu: Papa, mimi, na mama mmoja wa Bukavu ambaye alitupita wote kwa ufundi na alisema maneno machache kuliko sisi wote. Tulishona sare za kwaya, magauni ya wasimamizi wa harusi, na mara mojamoja mapazia ya kanisa.

Siku moja Papa alirudi kutoka kwa mteja akiwa na furushi la karatasi, akatutaka tuzime cherehani. Alisema kuna meli. Ilikuwa meli ya zamani ya kutembeza watalii, na sasa imenunuliwa na kampuni mpya. Ilikuwa imefungwa gatini Durban ikivuliwa kila kitu: jina, rangi, mazulia, mapazia, mpaka vijiko vilivyochorwa nembo ya wamiliki wa kwanza. Mwanamke aliyepewa kazi ya kupamba vyumba alikuwa anatafuta mafundi huku Johannesburg, kwa sababu wa Durban walikuwa wameshaelemewa. Papa alikuwa amemhakikishia kwamba amefika mahali penyewe.

"Nilimwambia niko na mtu wa bahari," alisema, akanielekezea ncha ya tepu yake.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Mama wa Bukavu alinigeukia kwa heshima ambayo hakuwahi kunipa kabla, na heshima ile ikanilevya. Niliitikia kwa kichwa polepole, kama nahodha anayekumbuka dhoruba. Safari yangu ya pekee baharini ilikuwa ya kwenda Pemba kwenye mazishi ya shangazi wa mume wangu, na njia nzima nilikuwa nimeinamia mfuko wa plastiki.

Kuanzia siku hiyo nikawa mtaalamu. Papa aliniuliza kama melini pazia linahitaji upindo mzito kwa ajili ya upepo. Nikasema linahitaji. Akauliza kama ni kweli chumvi hula uzi. Nikasema hula sana, hasa uzi mweupe. Basi tukashona kila mshono mara mbili kwa ajili ya chumvi niliyoitunga mwenyewe, na jioni nilirudi chumbani kwangu Bellevue nikiwa na mgongo unaouma kwa uongo wangu.

Tatizo lilianzia kwenye vipimo. Karatasi ziliandikwa kwamba kila dirisha lina sentimita mia na ishirini kwa mia na ishirini. Papa alikaa nazo muda mrefu, akazigeuza, akaniita.

"Dada, hii dirisha upana na urefu ni sawa. Namna gani?"

Mimi nikajibu bila kupepesa kwamba ni sawa kwa sababu madirisha ya meli ni ya mviringo. Nani hajui hilo? Hata watoto wakichora meli huchora viduara ubavuni. Papa akapiga paja kwa furaha, akasema angalia faida ya kuwa na mtu anayejua.

Akabuni mwenyewe namna ya kushona. Kila pazia lingekuwa duara la kitambaa lenye kamba ndani ya upindo, ukivuta kamba linajikunja kama mdomo wa mfuko. Kitambaa kilikuwa kizuri kupita kiasi, cha buluu iliyokolea, na mwenye kazi, yule mpambaji wa vyumba, alikileta mwenyewe kwa gari. Papa alikata maduara thelathini na sita kwa mkasi mkubwa, kwa mkono usiotetemeka, akiimba. La kwanza lilipokamilika tulilibandika ukutani. Lilipofunguka lilionekana kama kofia ya kuogea ya mtu mwenye kichwa cha tembo. Lilipofungwa lilifanana na mdomo wa mtu anayepuliza chai ya moto.

Mama wa Bukavu alilitazama, akavuta kamba, akaiachia, akaivuta tena.

"Sasa huyu mtalii," aliuliza, "akitaka kuchungulia kidogo tu, atachungulia wapi?"

Nilimwambia kwamba melini watu hawachungulii, wanaangalia. Sijui hata leo nilimaanisha nini. Yeye alirudi kwenye cherehani yake, na sindano yake ikaanza kwenda kwa sauti ambayo niliichukulia kama maoni.

Kilichobaki kilikuwa ni vyuma vya kushikilia mapazia, navyo ilibidi viwe vya mviringo. Papa alinituma Fordsburg, kwenye duka la vifaa vya mapazia la mzee mmoja Mswahili ambaye watu wa kwetu wote humwendea. Nilimkuta amekaa nyuma ya meza, kofia iliyotariziwa kwa mkono kichwani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha ya mtu aliyesikia lafudhi ya nyumbani, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanga.

Kumbe naye ni wa Tanga, tena Tanga mjini, mzaliwa wa Ngamiani. Akauliza kwetu ni barabara ya ngapi. Kule mitaa ina nambari, hilo nililijua, lakini sikujua zinaishia wapi. Nikataja barabara ya arobaini.

Mzee aliweka kalamu chini. Alisema kwamba barabara ya arobaini, kama ipo, basi iko katikati ya shamba la mkonge, na mwenyeji wake atakuwa ni digidigi. Wateja wawili waliokuwa wanachagua nyuzi wakaangua kicheko. Nikaona bora niongee mambo ya kazi, nikamwambia nahitaji vyuma thelathini na sita vya mviringo kwa ajili ya madirisha ya meli.

Hapo mzee akawa si mcheshi tena. Alikuwa amepika kwenye meli za abiria miaka mingi kabla ya kufungua duka. Alinivutia kiti, akanieleza kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake habari ya msiba, kwamba madirisha ya vyumba vya abiria kwenye meli hizo kubwa ni ya pembe nne. Ya mviringo yapo, ila mengi yako chini huko wanakolala wafanyakazi, ni madogo kama sahani, na yeye kwa miaka yote hiyo aliliziba la kwake kwa taulo.

"Mmeshakata?" aliniuliza.

Nikamwambia tumeshakata.

"Yote?"

Nikakikalia kile kiti. Akaagiza chai.

Nilirudi Doornfontein kwa miguu ili nichelewe kufika. Kwenye kila robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, nilisubiri hata ilipokuwa inaniruhusu kuvuka. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, lakini nilipofika juu na kumwona Papa akipiga pasi duara la thelathini na mbili, maneno yote yalinitoka kwa mkupuo mmoja: Handeni, pipa la bibi, Pemba, mfuko wa plastiki, digidigi, mpishi, taulo. Mama wa Bukavu alizima cherehani yake. Papa aliweka pasi pembeni, akakaa, akavua tepu shingoni kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nilidhani ananifukuza.

"Bon," alisema. "Mimi yule mama wa meli nilimwambia nilishona pazia za hoteli kubwa ya Kinshasa. Kinshasa sijafika hata siku moja."

Kisha mabega ya mama wa Bukavu yakaanza kutikisika. Nilifikiri analia au anaomba, maana hufanya yote mawili kazini, kumbe alikuwa anacheka mpaka akalalia meza. Papa naye akacheka. Mimi nilichelewa kidogo, kwa kuwa bado nilikuwa nahesabu maduara.

Tulikubaliana kusema ukweli mwenye kazi atakapokuja. Alikuja keshokutwa yake asubuhi, mwanamke mfupi wa Durban mwenye miwani mikubwa, akapanda ngazi akihema na uso umemshuka. Papa alikuwa amevaa suti kwa ajili ya kuungama. Kabla hajafungua kinywa, yule mwanamke akaanza kutuomba radhi. Alisema wenye meli wamebadili mawazo. Mtu fulani kwenye kikao amegundua kwamba buluu ndiyo iliyokuwa rangi ya kampuni ya zamani, na sasa hawataki kuona uzi wa buluu mahali popote melini. Wanataka rangi ya papai. Kitambaa kingine kiko njiani. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetarajia kupigwa, kama tulikuwa tumeshakata.

Nilimtazama Papa. Uso wake ulipitiwa na mambo mengi kwa haraka sana, mwishowe ukatulia kwenye huzuni ya mtu aliyeonewa. Alisema eish, tumekata, tena yote, lakini sisi ni Wakristo na tutasamehe. Yule mwanamke akamshukuru kwa mikono miwili.

Mama wa Bukavu ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alinyanyuka, akachukua duara moja kutoka kwenye rundo, akalitandaza mbele ya mgeni, akavuta kamba. Kwa Kiingereza chake kidogo alisema hili ndilo pazia, na kwamba Mungu anaona.

Mwanamke wa Durban alilichukua. Alilifungua na kulifunga mara nyingi. Aliuliza kwa nini, na mimi nikamweleza kwa nini. Papa alikuwa anasoma dari. Mgeni alitaka kujua pia kwa nini kila mshono umepigwa mara mbili, nikamweleza habari ya chumvi. Hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la pazia letu, akasema kwamba kwenye kikao hicho watu wazima kumi na mmoja walibishana siku nzima kama papai ni rangi ya furaha au ya ugonjwa, na sisi ndio watu wa kwanza katika kazi hii nzima waliomwambia jambo lenye mantiki. Halafu akachora dirisha kwenye karatasi, la pembe nne, kubwa, na chini yake akaandika JUU na CHINI kwa lugha yake ili tusikosee. Aliondoka na duara moja kwenye mkoba.

Mapazia ya papai tuliyashona kwa amani. Tulipomaliza tulishuka Durban sisi watatu kwa basi kwenda kuyatundika. Meli ilinuka rangi mbichi, na pale mbele jina jipya lilikuwa limeandikwa juu ya lile la zamani ambalo bado lilionekana chini yake kama fulana ndani ya shati jepesi. Haikuwa inakwenda popote, ilikuwa imefungwa kwa kamba nene kuliko paja langu, lakini mimi nilitapika kabla ya kufika chumba cha tatu. Papa aliwaambia wapaka rangi kwamba watu wa bahari wakiwa nchi kavu kwa muda mrefu huwa hivyo wakirudi.

Vyumba nane vya mwisho vilikuwa katikati ya meli na havikuwa na dirisha kabisa. Kulikuwa na picha ya bahari ukutani, na taa nyuma yake. Karatasi zilisema navyo viwekewe mapazia, basi tukaviwekea. Mama wa Bukavu alilifungua la kwanza, akawasha taa, akasimama akiitazama ile picha kwa makini, mikono nyuma. Akaniuliza kama bahari yenyewe ndivyo ilivyo.

Nilimwambia sijui, aiangalie mwenyewe tukitoka nje.