Niliandika sifuri kwenye kipima mvua huko Tabora, mjane akaja kuniuliza

Wakuu, heshima kwenu. Humu mimi huwa msomaji tu. Hili nimelikalia muda mrefu, leo nalitoa kama lilivyotokea, pamoja na sehemu zinazoniaibisha.

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, form four, umri umeshavuka arobaini. Sijawahi kutulia sehemu moja. Safari ya kunifikisha Tabora ilianzia Chunya, machimbo yaliponichosha. Basi likatufia karibu na Rungwa, tukakaa porini siku mbili tunakula mihogo mikavu. Lori la mbao likanibeba hadi Ipole, pikipiki hadi Sikonge, na mwisho nikashuka Tabora mjini vumbi limejaa hadi kwenye kope.

Nikapanga chumba Ipuli. Nilisema nakaa mwezi mmoja.

Kilichonishika ni barabara. Marehemu babu alikuwa akisema babu yake alitoka pwani na msafara, mzigo kichwani, akaelekea huku na hakurudi. Hakuna aliyeandika alipoishia. Sasa nikasikia kuna mradi wa utafiti unatafuta mtu wa kuhesabu wanaopita kwenye barabara ya vumbi inayofuata njia ileile ya zamani kuelekea magharibi. Niliomba kazi siku hiyohiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Porini, pale korongo linapokatiza barabara, kulikuwa na kivuko cha zege ambacho maji hupita juu yake. Kabla ya kivuko tulilaza mpira mweusi kukatiza barabara. Gurudumu likikanyaga, kifaa kinaandika saa, dakika na uzito wa mkanyago. Pembeni kulikuwa na kipima mvua juu ya nguzo. Kila wiki naenda na pikipiki, nahamisha data kwenye laptop, narudi mjini kuzipanga na kuzihifadhi.

Kijiji cha karibu kilinipokea kwa matusi. Msishangae, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Nikipita tu, nasikia, "Mzaramo, umeshindwa kucheza ngoma kwenu umekuja kuhesabu matairi?" Nami najibu, "Nawahesabu nyie, babu zenu walikimbia na mizigo yetu." Nilijiona nyumbani.

Sasa kosa langu.

Fomu ya kompyuta ilikuwa haipendi nafasi tupu. Ukiacha wazi, siku hiyo inageuka nyekundu, na Jumatatu kwenye kikao vituo vyenye nyekundu vinasomwa mbele ya wote. Kituo changu hakikuwahi kusomwa. Nilijivunia hilo kuliko mshahara.

Wiki moja ya masika nilikuta nyigu wamejenga kwa udongo ndani ya mdomo wa kipima mvua. Kimezibwa kabisa. Nikausafisha. Kwenye fomu, kwa wiki nzima, nikajaza sifuri. Nilijiambia kijijini hawajapata mvua, sifuri haitakuwa mbali na ukweli.

Miezi ikapita.

Siku moja nipo pale kivukoni, akaja mwanamke kwa miguu kutoka kijijini. Baadaye nilimfahamu kuwa ni Mama Kulwa, mama wa mapacha.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mama."

"Wewe ndiye unayeandika mvua?"

Nikasema ndimi. Nikataka kuanza utani, nikamwona uso, nikauacha.

Mume wake alikuwa mrina asali. Alikuwa anatoka porini na baiskeli, madumu mawili nyuma. Wiki ileile ya masika walimkuta asubuhi amekufa kwenye kidimbwi chini ya kivuko, wakati maji barabarani yalikuwa ya kifundo cha mguu. Kijiji kikasema alilewa akaanguka. Maofisa wa barabara walipokuja kuangalia kivuko waliomba mradi wetu kumbukumbu za mvua za siku ile. Wakasomewa sifuri. Wakaandika uzembe wa mwendesha baiskeli, wakaondoka.

"Kulwa na Doto shuleni wanaitwa watoto wa mlevi," akasema. "Mtani ndiye huzika. Wewe mtani wetu umemzika vibaya mume wangu."

 Nilipanda pikipiki nikarudi mjini.

Nilifungua kumbukumbu za siku ile. Mvua sifuri, kwa mkono wangu. Nikafungua za mpira wa barabarani, ambazo sikuwa nimezigusa.

Malori ya tumbaku yanapita kama kawaida hadi saa kumi jioni. Halafu kimya. Hakuna gari wala pikipiki, hadi karibu saa moja usiku. Kisha yanapita mfululizo, moja nyuma ya jingine, kama yaliyokatiwa kamba. Yalikuwa yamesimama ng'ambo na ng'ambo yanasubiri maji yapungue. Madereva walikuwa wapita njia, wakaenda zao.

Katikati ya ule ukimya kuna mkanyago mmoja, mwepesi sana. Inaweza kuwa baiskeli. Inaweza kuwa ng'ombe.

Nikaenda kwa bosi wetu, mama mmoja msomi tuliyemwita Dokta. Nikamweleza yote.

"Kwa nini uliandika sifuri?"

"Niliogopa nyekundu, Dokta."

 Kisha akasema, "Sifuri ni kipimo. Wewe hukupima." Akaniambia niandike marekebisho, yabaki kwenye hifadhi pamoja na jina langu na sababu, na nakala iende kwa wale maofisa. Mkataba wangu, akasema, hautaongezwa. Sikubishana, alikuwa sahihi.

Nikaenda kwenye mkutano wa kijiji na karatasi. Mwenyekiti akasema huo ni mkutano wa wanakijiji, mgeni akae. Nikamwambia, "Mimi si mgeni, ni mtani wa marehemu. Nimekuja kumzika upya." Akaniachia nafasi.

Nikasoma. Kipima mvua kilikuwa kimeziba, mvua haijulikani. Barabara ilifungwa na maji kwa muda wa karibu saa tatu nzima. Aliyeandika sifuri ni mimi.

Mzee mmoja akadakia, "Kwa hiyo Mzaramo, karatasi yako inasema hakulewa?"

"Haisemi. Haijui."

Watu wakaguna. Mama Kulwa akasimama.

"Sikuomba iseme hakunywa. Alikunywa siku nyingine, nyote mnajua, mlikunywa naye. Siku ile maji yalijaa."

Akakaa. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akamwambia katibu aandike hivyo, na akamfanya arudie kusoma alichoandika.

Ule mkanyago mwepesi sikuutaja. Upo kwenye hifadhi, kama ulivyo.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Mahali usipojua, acha wazi, hata kama patakuwa pekundu. Nafasi tupu mtu anaweza kuja kuiulizia. Sifuri inamfungia mlango.

Niliondoka Tabora kwa lori la tumbaku lililokuwa linarudi tupu kuelekea magharibi. Kijijini walinipigia kelele, "Mzaramo, unakimbia deni la ngoma!" Mama Kulwa alikuwa barabarani na jembe begani. Aliinua mkono.

Kabla ya kivuko nilisikia matairi yakikanyaga ule mpira, ya mbele, kisha ya nyuma. Nikajua tumeandikwa.

Mliowahi kujaza fomu za watu, uwanja ni wenu. Kuna sifuri yoyote mliyoiandika ambayo mngependa kuifuta?