Kuolewa na Kurudi

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofunguliwa tena, miaka ya themanini, nilikwenda Musoma kumsalimia shangazi yangu, nikarudi na mume. Alikuwa fundi wa injini za mashua, Mjaluo kama mimi, ila wa upande wa pili wa ziwa. Tulifunga ndoa bomani huko huko Musoma, tukapewa cheti chenye muhuri, kisha tukaja kuishi Nyamasaria, upande wa Kenya, nilikokuwa nafundisha shule ya msingi. Kwa akili zangu za bibi harusi, nilidhani mambo yamekwisha.

Kumbe bado. Ili mume wangu aruhusiwe kuishi Kenya, ilibidi serikali ikubali kwanza kwamba tumeoana. Tulivaa nguo za kanisani tukaenda ofisi ya uhamiaji. Yeye, mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, aliinama kidogo mbele ya karani.

"Shikamoo, mzee."

"Mzuri," karani akajibu.

Alikichukua cheti chetu, akakitazama mbele, akakigeuza, akatazama nyuma pasipoandikwa kitu.

"Mama, hii cheti iko na Kiswahili."

"Ndiyo."

"Sasa sisi tutaijuaje?"

Nilimwangalia nione kama anatania. Hakuwa anatania. Alituambia hayo kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho hicho akatuelekeza tutafute wakili aandike cheti upya kwa Kizungu na kuweka muhuri. Kuzungumza aliweza. Kusoma ndiko kulikozidi uwezo wa serikali.

"Naweza kukitafsiri mimi mwenyewe, hapa hapa," mume wangu akasema kwa upole.

"Hapana, Bwana. Wewe ndio umeoa. Utajiandikia tu mambo tamu."

Wakili tuliyempata alikuwa na chumba juu ya duka la vitambaa na sifa ya kujua kila kitu. Alivaa miwani, akasoma mistari miwili, akasimama penye hali ya mume kabla ya ndoa.

"Kapera," akasema. "Hilo ni kabila gani?"

Mume wangu akamweleza kwamba kapera ni mwanamume ambaye hajaoa. Basi tukaendelea hivyo: wakili anauliza neno, mume wangu anamtajia kwa Kizungu, wakili anapiga taipu. Mwishoni msomi wetu alitia sahihi akithibitisha kwamba yeye binafsi anazijua lugha zote mbili barabara. Tukamlipa kwa jasho lake.

Tuliporudi ofisini, karani alitupeleka kwa mkubwa wake. Mkubwa alisoma karatasi ya Kizungu kwa heshima zote.

"Ndoa yenu iko sawa," akasema. "Serikali inaitambua. Shida ni kwamba mmeoana vibaya."

"Vibaya vipi?" nikauliza.

"Mama, mwanamke huolewa akaenda. Wewe umeolewa ukarudi."

Akatufafanulia sheria ya wakati ule, na kwa hili hakuwa anatunga. Mwanamume Mkenya angeweza kuokota mke popote duniani, na mke huyo angeandikishwa kuwa raia. Mwanamke Mkenya akileta mume, mume ni mgeni, na mgeni atabaki. Wa kwangu wangemfanyia hisani ya kibali cha muda, awe mtegemezi wangu.

Tulirudi nyumbani. Mshahara wangu wa ualimu ulikuwa ukichelewa, na unga tuliokula ulitoka kwenye injini alizofungua ufukweni Dunga.

"Mtegemezi," akasema tulipofika mlangoni. "Kama mtoto wa kunyonya."

Nilitaka kucheka. Nilipomwona macho, nikaacha.

Jumapili tulikwenda Otonglo kwa baba yangu, aliyekuwa bado anasubiri mahari. Alitaka kujua serikali imesemaje. Nilimweleza, pamoja na habari ya mtegemezi. Akaweka kikombe chini polepole.

"Kwa hivyo ni wewe umemwoa?"

"Sivyo, Baba."

"Serikali imesema anakutegemea. Sasa mimi ndio nitoe ng'ombe, nipeleke Musoma?"

Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu ya mkwe. Mabega yakaanza kutikisika, na chai ikamtoka puani. Ndicho kicheko chake cha kwanza tangu siku ile ya ofisini. Miezi kadhaa baadaye alinunua ng'ombe sokoni Awasi, akawafikisha Otonglo, na baba akaitambua ndoa yetu mchana mmoja tu, bila wakili wala mkalimani.

Serikali haikuwa na haraka kama baba. Tuliendelea kurudi pale ofisini kufanya upya kibali hadi miaka ya tisini. Kufikia wakati huo mume wangu alikuwa anaongea kama mtu wa Kondele, mtaa wa mjini kwetu, nami nilikuwa nimeambukizwa Kiswahili cha kwao. Safari moja tulimkuta karani mpya, mtu wa upande wa Kakamega, asiyejua Kijaluo.

"Samahani, kaka," nikamwambia, "tunaomba utusaidie."

Akaninyooshea mkono. "Mama, pasipoti yako iko wapi? Huyu Mzee amekutoa Tanzania lini?"

Nikamgeukia mume wangu anitetee.

"Msaidie tu," akamwambia karani. "Hana matata."

Nilijieleza, nikataja kijiji, nikataja shule, nikamtaja hadi chifu wetu. Karani akaomba kipande changu, kile kitambulisho cha uraia. Nilikuwa nimekiacha nyumbani. Tukaambiwa turudi kesho.