Utando Usiotaka Pumzi

Ukitaka kujua ubishi, jaribu kukausha hewa ya Msambweni. Dama alijaribu mwaka mzima. Kazi yake, aliyoifanyia chumbani mwake, ilikuwa kupima utando wa plastiki, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, unaotarajiwa kuingia ndani ya betri za sola. Alitegesha juu yake vijisindano viwili vya umeme, visivyoonekana bila lenzi, apate kujua ayoni, yaani chembe za chumvi zenye chaji, zinapita kwa kasi gani. Unyevu ukiingia kidogo tu, ayoni hukimbia ovyo na kipimo huwa uongo. Basi madirisha aliyaziba, mlango akaufunga, na akiuinamia ule utando hakuthubutu hata kusema, kwani pumzi ya mtu ni mvuke.

Majirani hawakumlaumu. Waliacha tu kuja. Kwao Dama ni Kikoneni, kulikojaa ndugu na mbuzi. Hapa siku nyingine jua lilizama hajatamka neno. Upweke ulimuuma, tusifichane. Aliyebaki ni Mwanapili, mshonaji wa chumba cha pili, waliyekuwa wakila naye viazi karai barazani. Naye alikuwa anahamia Shimoni kwa mumewe. Alisema Alhamisi atapita kumuaga.

Alhamisi hiyo, kwa mara ya kwanza, kipimo kikatulia. Dama alikuwa ameinamia lenzi, mdomo karibu na utando, nambari hazitikisiki, aliposikia, "Hodi! Hodi, mwenzangu!"

Ngoja kidogo, aliwaza. Kidogo tu, kipimo kikamilike. Ikaja hodi ya pili. Ikaja ya tatu, ya taratibu. Na Mdigo kama Mwanapili, aliyelelewa akaleleka, hodi tatu zikikosa jibu, hurudi alikotoka wala hasukumi mlango. Dama alilijua hilo fika, lakini tamaa ya kazi ilimziba kinywa.

Kipimo kilipokamilika alikimbia nje. Baraza tupu. Akapiga simu.

"Nisamehe, Mwanapili. Nilikuwamo ndani."

"Haidhuru, mwenzangu," Mwanapili alijibu, gari likinguruma. "Niliona taa yawaka chini ya mlango, nawe huitikii. Nikasema, alhamdulillahi, leo Dama amepata mgeni, nisiwakatize."

Dama aliona haya kumwambia kwamba alikuwa peke yake.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa na mgeni."